Divai kabla ya kikao: sentensi moja ya televisheni na usiku wa L'Aquila

Jumanne tarehe 31 Machi 2009, katika mji wa L'Aquila ulioko milimani katikati ya Italia, ofisa wa serikali aitwaye Bernardo De Bernardinis alisimama mbele ya kamera ya televisheni ya pale pale mjini. Ardhi ilikuwa imetikisika kwa miezi, na jana yake ilitikisika kuliko siku zote zilizotangulia. Wenyeji walitaka kujua jambo moja: tulale ndani au tulale nje? De Bernardinis, aliyekuwa naibu mkuu wa upande wa kiufundi katika Idara ya Ulinzi wa Raia, alieleza kwamba wanasayansi wanamthibitishia hakuna hatari, kwa kuwa ardhi inatoa nguvu zake kidogo kidogo, na kwa hiyo hali ni ya kuridhisha. Mwandishi akamchokoza: basi tunywe zetu glasi ya divai? Naye akaitikia kwa moyo mkunjufu, akataja na aina yenyewe: Montepulciano, divai nyekundu ya mkoa huo huo.

Usiku wa kuamkia Jumatatu ya tarehe 6 Aprili, saa 9:32, tetemeko la ukubwa wa 6.3 liliupiga mji. Watu 309 walikufa, wapatao 1,500 wakajeruhiwa, na makumi ya maelfu wakabaki bila makao. Katika jengo moja tu, bweni la wanafunzi wa chuo kikuu, walikufa vijana wanane.

Ukiuliza watu waliosikia kisa hiki kwa mbali, wengi watakwambia kwamba Italia iliwafunga wanasayansi kwa kushindwa kutabiri tetemeko. Maneno hayo yana makosa mawili. Hakuna aliyelala jela hata siku moja, na hakuna aliyeshtakiwa kwa kushindwa kutabiri. Kilichofikishwa mahakamani kilikuwa kitu kidogo zaidi na kigumu zaidi kukipima: sayansi ilisemwa vipi kwa watu waliokuwa wakiogopa, na nani aliisema.

Hofu ya mji na mtu wa radoni

L'Aquila haukuanza kujua matetemeko mwaka 2009. Uliangushwa mwaka 1461, ukaangushwa tena mwaka 1703. Watu wake walirithi desturi isiyohitaji shahada: ardhi ikitikisika kwa nguvu, hasa usiku, beba watoto na blanketi, utoke. Wengine walikesha kwenye viwanja vya mji, wengine ndani ya magari. Asubuhi wanarudi nyumbani, wanaoga, wanakwenda kazini. Katika mji wenye nyumba nyingi za kale, za mawe yaliyopangwa bila chuma cha kuyashika, hiyo ilikuwa elimu nzuri kabisa.

Mwanzoni mwa 2009 mitetemo midogo ilikuwa imeshaanza kufuatana. Mingi ilihisiwa na mitambo tu, mingine ilitikisa vikombe kabatini. Mfululizo wa namna hii si jambo geni nchini Italia, na mara nyingi sana hufifia wenyewe bila kuleta kitu kikubwa. Lakini kuishi ndani yake ni habari nyingine. Mtu haogopi takwimu, anaogopa dari iliyo juu ya kitanda cha mwanawe.

Katika hofu hiyo akasikika Giampaolo Giuliani, fundi aliyefanya kazi kwenye maabara ya fizikia iliyo chini ya mlima Gran Sasso, jirani na mji. Hakuwa mtaalamu wa matetemeko. Alikuwa amejiundia vifaa vya kupima radoni, gesi inayopenya kutoka ardhini, akiamini kwamba ikizidi ghafla, tetemeko li njiani. Wazo lenyewe si la kijinga. Watafiti wa nchi kadhaa wamelichunguza kwa miongo mingi, ila halijawahi kutoa utabiri unaoweza kutegemewa. Mwishoni mwa Machi onyo lake liliutia taharuki mji wa Sulmona, kilomita 50 hivi kusini-mashariki mwa L'Aquila, na magari yenye vipaza sauti yakapita mitaani kuwahimiza watu watoke majumbani. Sulmona hakikutokea kitu. Giuliani akaripotiwa kwa vyombo vya sheria kwa kosa la kuzusha hofu.

Baada ya maafa wapo waliomfanya nabii. Siwafuati huko. Alitaja mji usio wenyewe na siku isiyo yenyewe, na lau watu wa Sulmona wangemtii, huenda wengine wao wangekwenda kujihifadhi kwa ndugu zao L'Aquila. Hata hivyo alikuwa na kitu ambacho wataalamu wenye vyeo hawakuwa nacho wiki ile: alizungumza na watu kuhusu hofu yao, kila siku, kwa lugha yao.

Kwa hiyo serikali ilijikuta na mambo mawili mikononi, ardhi inayotikisika na mtu anayesikilizwa. Ninavyouona mkasa huu, mambo yaliharibika pale ilipoamua kwamba la pili ndilo la kushughulikiwa kwanza.

Kikao cha saa moja

Jumatatu ya tarehe 30 Machi ulipita mtetemo wa ukubwa wa 4.1, mkubwa kuliko yote ya miezi ile. Siku hiyo hiyo mkuu wa Idara ya Ulinzi wa Raia, Guido Bertolaso, alimpigia simu Daniela Stati, kiongozi wa mkoa wa Abruzzo aliyesimamia masuala ya ulinzi wa raia. Bertolaso hakujua kwamba simu zake zilikuwa zinarekodiwa na wapelelezi wa kesi nyingine kabisa. Mazungumzo hayo yalipotoka magazetini Januari 2012, Waitalia walisoma jinsi alivyomweleza mama huyo kwamba kesho yake angewaleta L'Aquila wataalamu wakubwa kabisa wa matetemeko nchini, na kwamba hiyo ilikuwa operesheni ya vyombo vya habari: kuwanyamazisha wapumbavu na kuwatuliza wananchi. Akaongeza watakachokuja kusema hao wataalamu: afadhali mitetemo mia moja ya ukubwa wa 4 kuliko kimya, kwa kuwa mia moja hiyo inatoa nguvu, na ule wa kuumiza hautakuja.

Soma tena tarehe. Kikao ni kesho, hitimisho ni leo.

Waliokuja walikuwa watu wazito kweli kweli. Franco Barberi, makamu mwenyekiti wa Tume ya Majanga Makubwa, jopo la wataalamu linaloishauri serikali. Enzo Boschi, mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Jiofizikia na Volkano. Giulio Selvaggi wa kituo cha taifa cha matetemeko. Gian Michele Calvi, mhandisi wa majengo na matetemeko kutoka Pavia. Claudio Eva, profesa kutoka Genoa. Mauro Dolce, aliyeongoza ofisi ya hatari za matetemeko ndani ya Idara. Na De Bernardinis mwenyewe. Walikaa takribani saa moja, wakaondoka.

Yaliyosemwa ndani ya chumba hayakuwa ya ajabu. Hakuna njia ya kutabiri tetemeko kwa siku na saa. Hakuna sababu ya kusema kwamba mfululizo wa mitetemo midogo ni utangulizi wa mkubwa. Boschi alisema si rahisi tetemeko kama la 1703 litokee hivi karibuni, ingawa haiwezekani kuliondoa kabisa. Mwanafunzi yeyote wa fani hiyo angetia saini chini ya maneno hayo.

Shida ni yale yaliyotoka nje ya chumba. Watu wa L'Aquila walikuwa wakifikiri kama tunavyofikiri sote: dalili ya mvua ni mawingu. Wataalamu waliwajibu, kwa haki kabisa, kwamba si kila wingu hunyesha. Lakini kilichofika kwenye televisheni kilikuwa kauli ya tatu, ambayo haimo katika hizo mbili: kwamba mawingu haya yanaipunguza mvua. Yaani kila unapotikiswa, furahi, hatari inapungua.

Kauli hiyo ya tatu ina hesabu yake, na hesabu inaikataa. Ukubwa wa tetemeko ukipanda kwa namba moja, nguvu inayotoka huongezeka takribani mara 32. Kutoka 4 hadi 6.3 ni tofauti ya karibu mara 2,800. Ile mitetemo mia moja ya Bertolaso, ukiikusanya yote mahali pamoja, haifikii nguvu ya tetemeko moja la 5.5. Kutegemea mitetemo midogo iondoe hatari ya mkubwa ni kama kuchota bwawa kwa kijiko kisha kuwaambia walio bondeni kwamba ukuta hautapasuka. Zaidi ya hapo, wataalamu wa takwimu za matetemeko wanajua kwamba mfululizo kama ule huongeza kidogo uwezekano wa tetemeko kubwa katika siku zinazofuata. Uwezekano hubaki mdogo, pengine usifike hata asilimia moja, lakini ni mkubwa mara nyingi kuliko wa wiki ya kawaida. Ukiutafsiri kwa mama mwenye watoto, hali haikuwa ya kuridhisha. Ilikuwa mbaya kidogo kuliko ilivyozoeleka, katika mji ambao hata hali yake ya kawaida ilikuwa ya hatari.

Na aliyeitoa kauli hiyo alikuwa nani? De Bernardinis ni mhandisi, lakini fani yake ni maji, mafuriko na mambo ya mito. Hakuna ubaya ofisa wa serikali kuwa mtu wa maji. Ubaya ni kwamba mtazamaji hana namna ya kuliona hilo. Kwenye skrini kuna suti, kuna cheo, na kuna maneno "wanasayansi wananithibitishia". Mtafiti anayechunguza, mshauri anayeishauri serikali na msemaji anayeitetea serikali ni watu watatu wenye wajibu tofauti. Televisheni huwavika wote koti moja.

Halafu lipo jambo ambalo mpaka leo hunishangaza kila nikilirudia: mahojiano yale ya divai yalirekodiwa kabla ya kikao kuanza. Yaliporushwa, kikao kilikuwa kimekwisha, na mtazamaji aliyekuwa nyumbani aliyapokea kama matokeo ya kikao. Baadaye kulikuwa na mkutano na waandishi wa habari, ambao Barberi, De Bernardinis, meya wa mji Massimo Cialente na Stati walihudhuria. Wengine walikuwa wamekwenda zao. Wiki ikaisha bila mmoja wao kusimama hadharani kusema: samahani, ile habari ya ardhi kupunguza nguvu zake siyo tuliyosema.

Kuna watakaowatetea kwamba hawakuiona televisheni ya mkoa, na inawezekana hawakuiona. Lakini walijua kwamba wameitwa kwa haraka mjini humo, siku moja baada ya mtetemo mkubwa, waandishi wakisubiri nje. Mtu ukiitwa hivyo unajua umeitwa uonekane. Ukishakubali kuonekana, huwezi kusema sauti iliyotoka haikuhusu.

Jumapili ya Matawi

Tarehe 5 Aprili ilikuwa Jumapili ya Matawi, wiki moja kabla ya Pasaka. Saa 4:48 usiku ardhi ilitikisika kwa ukubwa wa 3.9. Saa 6:39 ikatikisika tena, 3.5.

Hapo ndipo ilipokuwa kesi yote, ndani ya vyumba vya kulala vya mji mmoja, kati ya mtetemo wa kwanza wa usiku ule na saa 9:32. Familia ziliamka, zikatazamana, zikajadiliana. Wengine walitoka, na wengi wa waliotoka wanaishi. Wengine walibaki, na ndugu zao walieleza mahakamani kwa nini walibaki: baba wa zamani angetutoa nje, lakini sisi tulisoma, tulisikia wataalamu, tukaona aibu kukimbia kama watu wa kale. Mwanaanthropolojia Antonello Ciccozzi aliitwa upande wa mashtaka kueleza jinsi neno la sayansi, likitolewa na mamlaka, linavyoweza kuing'oa desturi iliyowalinda watu kwa vizazi.

Hoja hiyo ilipingwa sana, na sioni kwamba inaweza kuthibitishwa kwa kila marehemu. Nani ajuaye mtu angefanya nini saa saba za usiku wa baridi ya milimani? Lakini wanaoikataa moja kwa moja wanajichanganya. Huwezi kuwaita wataalamu ili maneno yao yawatulize watu, kisha watu wakatulia, kisha ukasema maneno hayana uwezo wa kubadili tabia.

Mahakama tatu

Watu saba walioketi katika kikao kile walishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, na kesi ikaanza Septemba 2011. Haikuhusu vifo vyote 309, ila vile tu ambavyo ndugu waliweza kueleza kwamba marehemu alibadili uamuzi wake kwa sababu ya aliyoyasikia. Mwendesha mashtaka Fabio Picuti alisisitiza tangu mwanzo kwamba anajua fika matetemeko hayatabiriki. Alichodai ni kwamba tathmini ya hatari ilifanywa kijuujuu, na kwamba maneno waliyopewa wananchi yalikuwa ya kupotosha. Wakati huo huo wanasayansi zaidi ya elfu tano walisaini barua ya kupinga, wengi wao wakiamini kwamba wenzao wanahukumiwa kwa kutokuwa waganga wa ramli.

Tarehe 22 Oktoba 2012 Jaji Marco Billi aliwatia hatiani wote saba, akawapa miaka sita kila mmoja, ilhali upande wa mashtaka wenyewe ulikuwa umeomba minne. Siku iliyofuata Luciano Maiani, mwanafizikia aliyekuwa mwenyekiti wa Tume wakati huo, alijiuzulu akisema kazi hiyo haiwezi kufanyika katika mazingira ya namna ile. Mahakama ya rufaa iliibadili hukumu tarehe 10 Novemba 2014: wanasayansi sita wakaachiwa huru, kwa kuwa waliyoyasema chumbani yalikuwa sahihi kisayansi na kazi ya kuwasiliana na umma haikuwa yao. De Bernardinis alipunguziwa hadi miaka miwili, kifungo cha nje. Mahakama ya juu kabisa ikayathibitisha hayo tarehe 20 Novemba 2015. Bertolaso, aliyeshtakiwa peke yake baadaye kwa ajili ya ile simu, aliachiwa huru mwaka 2016.

Hukumu ya kwanza sikubaliani nayo. Miaka sita kwa Boschi, ambaye ndani ya kikao alisema haiwezekani kuliondoa kabisa tetemeko kubwa, ni kuwaadhibu watu kwa uzito wa msiba badala ya uzito wa walichofanya. Hukumu ya pili ni safi zaidi kisheria, ila nayo inaniachia mfupa kooni. Inasema kwa vitendo kwamba mwanasayansi akishasema kweli kwenye meza, kazi yake imekwisha, hata kama jina lake linatumika hatua chache kutoka hapo kuuza kinyume chake. Kisheria sawa. Kwa mtu anayejiita mtaalamu wa umma, naona ni kidogo mno.

Habari iliyopotosha habari

Kisa hiki kina tabaka la pili ambalo huwa halitajwi. Hukumu ya 2012 ilipotoka, vyombo vya habari vya dunia viliirusha kwa kichwa kile kile: wanasayansi wahukumiwa kwa kushindwa kutabiri tetemeko. Galileo akafufuliwa. Italia ikawa tena nchi inayoitesa sayansi. Wachambuzi waliitwa studioni, wengi wao wanasayansi wa heshima, wakaulizwa kama inawezekana kutabiri tetemeko, wakajibu haiwezekani, na mjadala ukafungwa hapo.

Angalia ulinganifu wake. Machi 2009 mwandishi aliuliza swali la ndiyo au hapana, mtaalamu akajibu swali aliloulizwa badala ya jambo lililokuwapo. Oktoba 2012 mwandishi mwingine, katika nchi nyingine, akafanya vile vile, na mtaalamu mwingine naye akaingia kwenye mtego ule ule. Wachache walisema: ngoja kwanza, mashtaka hayasemi hivyo. Thomas Jordan, mtaalamu wa matetemeko wa Marekani aliyeongoza jopo la kimataifa lililoundwa na serikali ya Italia baada ya maafa, alikuwa mmoja wa walioiona kona hiyo mapema. Kwa maelezo yake, kosa la wenzake wa L'Aquila lilikuwa kujiacha wanaswe na swali la Giuliani, litakuja au halitakuja, wakasahau swali walilopaswa kulijibu: mtu afanye nini leo, kwa haya machache tunayoyajua?

Hili si suala la waandishi wabaya na wanasayansi wema. Studio ina dakika mbili. Mtangazaji anataka jibu ambalo mtu anayepika jikoni atalisikia bila kuzima jiko. Mtaalamu anajua kwamba akianza na "inategemea", atakatizwa. Basi anachagua upande ulio salama kwake, na mara nyingi upande salama ni kumkanusha mpuuzi aliyetangulia. Giuliani alikuwa mpinzani rahisi. Kumkanusha kulionekana kama kuitetea sayansi. Ila kuthibitisha kwamba mtu fulani hajui kesho italeta nini hakuthibitishi kwamba kesho ni shwari, na kati ya kauli hizo mbili hakukuwa na mtu aliyesimama kuweka mpaka.

Laiti ningeulizwa ni sentensi gani ingefaa jioni ile, nisingetafuta ya kitaalamu. Ningetaka mmoja wa wale saba, anayejua matetemeko, aseme hivi: "Hatujui. Mara nyingi mitetemo kama hii huisha yenyewe, na huenda safari hii pia ikaisha. Lakini mji wenu uko mahali pa hatari, siku zote, na wiki hii hatari imeongezeka kidogo. Kama nyumba yenu ni ya mawe ya zamani, na mkawa mmezoea kutoka inapotikisika, hatuna sababu ya kuwaambia muache." Ni nusu dakika. Haina utabiri, haina hofu ya bure, haihitaji mtu ahamishwe wala shule ifungwe. Ingemwachia mzee desturi yake na ingemwachia kijana aliyesoma ruhusa ya kuifuata bila aibu.

Yapo yanayoweza kusemwa dhidi ya sentensi hiyo. Ukiitoa kila mara, watu watachoka. Mwisho wa Januari 2013, miezi mitatu tu baada ya hukumu ya Billi, ilitolewa tahadhari katika eneo la Garfagnana, mkoa wa Toscana, kufuatia mitetemo, na maelfu ya watu wakalala nje. Hakikutokea kitu. Wengi waliona wataalamu sasa wanajilinda wenyewe, wanaogopa majaji kuliko wanavyoogopa ardhi. Shutuma hiyo ina ukweli ndani yake. Na tarehe 24 Agosti 2016 tetemeko liliuangusha mji wa Amatrice, si mbali sana na L'Aquila, likaua karibu watu 300, bila mfululizo wowote wa mitetemo kutangulia. Hakukuwa na mawingu. Hakuna sentensi ya televisheni ambayo ingewatoa watu wale nje usiku ule. Kilichokosekana Amatrice kilikuwa kuta imara.

Hata L'Aquila, ukweli ni kwamba watu waliuawa na majengo. Boschi na wenzake walikuwa wameuweka mkoa ule kwenye ramani ya maeneo hatari zaidi ya Italia miaka mingi kabla ya 2009, na ramani hiyo haikumtikisa mtu yeyote mwenye bajeti. Hakuna kamera iliyoifuata, kwa kuwa ramani haina siku ya kurushwa. Mtaalamu huitwa kwenye habari pale ambapo lililobaki ni kutuliza, na kwa miaka ambayo kulikuwa na la kufanya, simu yake haikulia. Sisemi hili kumtoa De Bernardinis kwenye lawama. Nasema kwamba siku sita zile zilitanguliwa na miaka mingi ya ukimya ambao hakuna mahakama iliyouhoji.

Kuna karatasi moja katika jalada la kesi ambayo huirudia mara kwa mara akilini mwangu. Ni muhtasari wa kile kikao cha saa moja. Maneno ya Boschi yamo humo, yameandikwa vizuri: haielekei, lakini haiwezekani kuliondoa kabisa. Ndiyo maneno ambayo watu wa L'Aquila walipaswa kuyasikia Jumanne jioni. Muhtasari huo ulitiwa saini tarehe 6 Aprili, baada ya saa 9:32.